Kanda Ilipokatikia

Saa tisa na robo alasiri, mlango wa ukumbi ulikuwa bado umefungwa na mama alikuwa wa pili kwenye foleni. Alivaa gauni la bluu aliloshona mwenyewe wiki ile, na mkoba ameubana kwapani kama mtu anayekwenda benki.

"Dada, hawa jamaa si wa rika la babu yetu?" mjomba alisema. Ndiye aliyetuleta kwa gari lake. "Wakianguka jukwaani, mimi sibebi mtu."

"Wewe kaa kwenye gari na mdomo wako."

Akaenda kukaa kwenye gari.

Mama ni fundi cherehani. Hushona sare za shule katika chumba chetu cha mbele. Bendi iliyokuja kupiga siku hiyo ameipenda tangu kabla sijazaliwa, ila hakuwahi kuiona. Alichokuwa nacho ni kanda moja, ambayo jirani alimrekodia kutoka redioni. Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza ni wa mwanamke ambaye mumewe amekwenda kutafuta kazi. Anamngoja. Siku moja anasikia hodi, anafungua mlango, anaona, na hapo kanda inakwisha. Kitufe cha redio kinaruka, ta! Nyumbani mlio huo ulikuwa na maana moja: inuka, rudi kazini. Niliutafuta wimbo huo mtandaoni, sikuupata.

Jambo hili lingebaki la kuchekesha kama si muuza vitambaa. Baba aliondoka kutafuta kazi nikiwa sijaanza kutembea, na hakutuma hata salamu. Mahakama ilishaivunja ndoa hiyo. Muuza vitambaa, ambaye ni mgane, alianza kumposa mama mwaka jana. Kila akiuliza, mama humjibu, "Ngoja kwanza nijue nani alikuwa mlangoni." Yeye hucheka, mama hacheki. Safari hii alimwahidi jibu baada ya onyesho.

Mwimbaji aliimba akiwa amekaa kwenye stuli. Sauti yake imeshuka kuliko ya kwenye kanda, lakini hakukosea neno. Mpiga ngoma alivaa miwani iliyofungwa kwa kamba nyuma ya kichwa. Watu waliokuwa karibu nasi waliimba, mama hakuimba. Alikuwa akiangalia vidole vya mpiga gitaa la solo, kama anavyoangalia mshono wa mtu mwingine.

Wimbo wetu ulikuja baada ya mapumziko. Mwimbaji alipofika pale mke anapofungua mlango na kuona, mama alisimama, mkoba kwapani. Nami nilisimama. Hatukuwa tumepanga.

"Nyie vipi?" mwanamke mmoja alituuliza kutoka nyuma. "Kaeni basi, mnatuziba! Wimbo ndio kwanza unanoga."

Tukakaa. Mama akanikamata mkono na hakuuachia.

Aliyekuwa mlangoni ni jirani. Alikuja kuazima kiberiti. Ukumbi mzima uliimba maneno hayo kwa furaha. Ni wazi wenzetu waliyajua siku zote. Kisha mwimbaji akawasifu wapigaji mmoja mmoja kwa majina yao ya utani, akamshukuru mwenye baa walikoanzia, na magitaa yakafunga. Mume hakutajwa tena.

"Kiberiti," mama alisema.

"Ndiyo, kiberiti."

"Na yule mwanamke? Wamemwacha palepale mlangoni?"

"Wamemwacha."

"Miaka yote hii, jamani!" Akacheka mpaka akafuta macho kwa kiganja.

Tulipoingia kwenye gari, mjomba alikuwa ameshaliwasha. "Haya, tuambieni. Nani alikuwa mlangoni?"

Mama alifungua mkoba. Alitoa simu, akampigia muuza vitambaa.

"Onyesho limekwisha," alimwambia. "Ndiyo... Nimesema ndiyo, bwana, au unataka nikushonee neno hilo kwenye kitambaa? Sasa zungumza na mdogo wangu."

Mjomba alizima gari, akaipokea simu kwa mikono miwili, akamwita shemeji.