Nyembe Tatu za Thobias

Lori la Bwana Jivraj lilianza kulia mwezi wa sita, mwaka 1953, pamba ikiwa imejaa maghalani. Tik, tik, tik, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko chini ya boneti. Nililisikia kabla sijaliona, maana kibanda changu cha uji kilikuwa mkabala na lango la kiwanda chake cha kuchambulia pamba, hapa Shinyanga mjini, na masikio yangu yalikuwa yamefundishwa.

Aliyeyafundisha ni mume wangu Thobias, baba Esta, aliyekuwa fundi wa kiwanda hicho. Nikimpelekea chakula alininyang'anya mwiko, akaugusisha ncha kwenye injini, akaniambia niweke sikio kwenye mpini.

"Sikiliza, Apolonia. Hiyo ni vali. Ikilia kidogo usiogope, ina nafasi yake ndogo iliyoachwa makusudi. Ikipata moto inarefuka. Ukiibana ingali baridi mpaka inyamaze, ikishapata moto haifungi tena. Lori linaishiwa nguvu, na vali inaungua."

Nafasi hiyo aliipima kwa nyembe tatu kuukuu za kunyolea ndevu, amezishikanisha pamoja. Zikipita kwa kukwaruza kidogo, kazi imekwisha.

Bwana Jivraj alipenda lori kimya. Dereva wa lori kimya ndiye aliyepewa safari za Isaka, kupeleka marobota stesheni. Kwa hiyo mwaka uliotangulia dereva Masele aliposikia mlio kama huo alizibana vali mwenyewe. Nilimwona kwa macho yangu kutoka kibandani. Zilipoungua, alisimama langoni asubuhi, wafanyakazi wote wakiwa kwenye foleni, akasema, "Thobias ndiye aliyezigusa. Alikuwa amelewa."

Thobias, ambaye hata pombe ya harusi yetu aliionja tu. Akafukuzwa palepale. Nani angemsikiliza mke wa fundi? Akaenda Geita kuchimba dhahabu, na barua yake ya mwisho iliandikwa na mkono wa mtu mwingine, kwa sababu kidole chake cha shahada kilibaki chini ya jiwe.

Sasa Masele huyohuyo akasimamisha lori mbele ya kibanda changu.

"Mwangaluka, shemeji," akanisalimu Kisukuma. "Nitilie uji, halafu unisikilizie hili lori. Nasikia Thobias alikuachia masikio."

Wapakiaji wakacheka. Nilimkaza Esta vizuri mgongoni, nikachukua mwiko, nikasikiliza. Ilikuwa vali moja tu, ya pili kutoka mbele, nafasi imezidi kidogo. Kazi ya dakika kumi kwa mtu mwenye nyembe tatu.

"Nimeshaijua," nikasema. "Nitakuambia. Ila kwanza umwambie Bwana ni nani aliyezibana zile za mwaka jana."

"Mambo hayo bado unayo tumboni?"

"Bado."

"Basi kaa nayo. Rudisha mwiko kwenye chungu, uji wako unashika."

Akazima injini, akafungua kifuniko na kuanza kubana. Hakubana moja, alizibana zote. Nilifumbua mdomo nimzuie, kweli nilifumbua, maana lori halikuwa limenikosea chochote. Lakini Esta alikuwa amenishika shingo kwa vidole vyake vitano vidogo, na nikakumbuka cha baba yake. Nikafumba.

Masele akawasha. Kimya. Lori likanguruma kama paka aliyeshiba.

"Umesikia, shemeji? Mwiko uko wapi?"

Bwana Jivraj alitoka ofisini na kofia yake. Siku hiyo alikuwa anakwenda Isaka mwenyewe kusimamia upakiaji wa behewa. Nilimpelekea chai mpaka dirisha la lori, na pamoja na kikombe nikampa nyembe alizoniachia Thobias, zimefungwa kwenye kitambaa.

"Shikamoo, Bwana. Lori likiishiwa nguvu njiani, fungua kifuniko cha vali, jaribu kuzipitisha hizi. Zikikataa, umjue aliyeshika spana leo. Na mwaka jana alikuwa yeye."

"Mama Esta, lori limenyamaza. Wewe unataka nini zaidi?"

Lakini kitambaa alikitia mfukoni. Masele alikuwa amesikia kila neno. Angeweza kushuka, akafungua, akalegeza. Alipiga honi akaondoka.

Nilikoroga uji siku nzima nikilihesabia barabara. Hapa limepata moto. Hapa limeanza kukohoa. Sikuomba samahani moyoni.

Jua lilikuwa bado juu kidogo Bwana Jivraj aliporudi, ameketi juu ya magunia kwenye lori la mfanyabiashara wa ng'ombe, vumbi mpaka kwenye nyusi. Masele alikuwa nyuma yake, hatazami mtu. Lori lilikuwa limewafia njiani, Samuye.

Bwana aliweka kitambaa mezani pangu.

"Hazikupita. Hata wembe mmoja haukupita. Mumeo yuko wapi?"

"Geita, chini ya ardhi."

"Mwandikie arudi kazini."

"Nitamwandikia. Lakini kwanza Masele aseme palepale alipomsemea."

"Mama Esta," Masele akasema kwa sauti ndogo, "nina watoto."

"Mimi pia. Huyu hapa."

Asubuhi iliyofuata, foleni ilipokaa langoni, nilisimama na mwiko mkononi, Esta mgongoni. Masele alivua kofia. Akasema vali za mwaka jana alizibana yeye, na kwamba Thobias hakuwa amelewa. Alisema akitazama vidole vya miguu yake.

"Sauti zaidi, Masele," nikamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Bhoke, mkewe, alikuwepo na kapu lake, akageuza uso. Tangu siku ile hajanunua uji kwangu, nami simlaumu.

"Na jina lake kamili," nikasema.

Akalitaja. Thobias Mihayo. Nikamwambia aseme mara ya tatu, taratibu, kwa kuwa nilikuwa nimefungua daftari juu ya goti na nilitaka kuandika maneno yake kama alivyoyatamka, yaende Geita kwa barua ya siku hiyohiyo.