Mgomba wa Mukhisa

Watu wa Kamukuywa watakuambia kwamba mume wangu alizikwa akaota. Wanapenda kucheka, hasa siku ya soko, na siku hizi mimi hucheka nao. Lakini kuna wakati mtu akinitajia mgomba ule nilikuwa naacha nyanya zangu mezani na kumfuata hadi barabarani.

Mume wangu ni Mukhisa, na alikuwa mwanajeshi. Alipelekwa Somalia binti yetu Emmy akiwa bado anatambaa. Kambi yao ikavamiwa alfajiri. Waliopona wakarudi, waliokufa wakaletwa kwa ndege, na yeye hakuwa katika hao wala hawa. Ofisa aliyekuja nyumbani alisema hajulikani aliko. Neno hilo ni baya kuliko kifo. Mjane hukaa chini, akalia, akanyolewa, akainuka. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya boma kama mtu aliyesahau alichofuata.

Tukangoja. Mvua zikaja zikaenda, zikaja tena. Mwishowe baba mkwe wangu, Mzee Wanyonyi, akasema boma haliwezi kuishi na mtu anayening'inia, kwamba roho isiyo na pa kulala husumbua watoto. Kwetu mtu akipotea mbali na mwili wake usipatikane, huzikwa shina la mgomba badala yake, watu wakalia wakamaliza. Asiyekuwapo na lake halipo, na mimi niliyekuwapo sikuulizwa.

Kazi ya kuleta shina ilimwangukia Jotham. Yeye na Mukhisa walitahiriwa msimu mmoja, na watu wa kisu kimoja huitana bakoki na hawakwepani kwa jambo lolote, hata kaburi. Jotham alitakiwa kukata shina juu ya ardhi kwa panga, kipande tupu kisicho na uhai. Lakini Jotham ni mkulima, na siku hiyo alikuwa analia. Akachukua jembe, akachimba mgomba mchanga pamoja na kisiki chake na mizizi yake, vile anavyofanya kila mwaka akitaka kupanda. Tukauvika jaketi la Mukhisa. Tukaulaza kwenye shimo la kufika magotini, maana Mzee alisema mgomba si mtu wa kuchimbiwa hadi kifuani. Tukaimba, tukala, watu wakaenda makwao.

Mvua ya Aprili ilipokolea, mume wangu akachipua.

Mzee alitaka mche ung'olewe siku hiyo hiyo. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe machoni, kwa hivyo niliuambia mlango wa jikoni, kwa sauti ya kutosha, kwamba atakayeugusa ataanza na mimi. Mzee akakohoa, akaenda kuangalia ng'ombe. Jotham alipoulizwa alikuna kichwa. "Nilichimba tu vile huwa tunachimba, bana," akasema. "Mkono ulijiendea." Wazee wakakaa, wakatafuta katika kumbukumbu zao jambo kama hilo, wasilipate, na jambo lisilo na mfano halina amri. Mgomba ukabaki.

Niliumwagilia maji ya kuoshea vyombo, nikautilia samadi. Emmy akakua akijua kwamba pale ndipo alipo baba yake, na kwa kuwa mtoto hufundishwa kuaga wakubwa, akawa anauaga kila asubuhi akienda shule: "Baba, nimeenda." Jioni akirudi anasema, "Baba, nimerudi," kisha anakaa chini ya majani na kusimulia siku yake yote. Sikumfundisha, na sikumkataza. Nilimwonea wivu. Mimi niliyemtamani mtu yule hadi mifupani sikuwa na la kuliambia jani.

Kisha simu ikalia. Mukhisa yuko hai. Alikuwa mateka porini na wenzake wachache, na wazee wa kule walizungumza na kuzungumza hadi wakaachiliwa. Habari hiyo ilinikuta sokoni Chwele, nikakaa juu ya vitunguu vya mtu, na mwenyewe hakuniambia kitu. Mungu amlipe.

Walimtibu Nairobi, wakamwachisha jeshi, na mimi nikafua mapazia. Hakuja. Wazee walikuwa wametuma neno kwamba mtu aliyekwisha kuliliwa hapiti lango la kwao mpaka kilichozikwa kwa jina lake kiondolewe kwa mkono wake mwenyewe. Nilidhani atafika kesho yake na panga. Yeye akajibu kwa simu kwamba ameelewa, akatafuta kazi ya kulinda ghala la mahindi Kitale, akapanga chumba huko. Alikubali desturi upesi mno, mtu ambaye zamani alibishana na Mzee hata juu ya namna ya kufunga ndama.

Nikawa naenda Kitale kila Jumapili baada ya kanisa, peke yangu; Emmy sikumwambia kitu, hadi baba yake apite langoni. Chumba chake kilikuwa kisafi kupita kiasi. Shuka zimekazwa, viatu vimeelekezwa mlangoni, na yeye mgongo ukutani. Chakula alikula amesimama. Jirani akiangusha kifuniko cha sufuria, Mukhisa alikuwa sakafuni kabla kifuniko hakijatulia, kisha anajipangusa magoti na kuniuliza kama ng'ombe amezaa. Alikuwa mpole, na upole wenyewe ndio ulioniumiza. Nilikaa mbele ya mume wangu, ninakunywa chai aliyonipikia, na bado ninamtamani mume wangu.

Jumapili moja uvumilivu ukaniisha. Nikamuuliza anakuja lini kung'oa kile kitu, au nivae nguo za matanga tujue moja.

Akatazama vidole vyake. "Wilki," akasema, "yule mliyemzika ndiye mliyemjua. Mwacheni alale."

"Halali. Ameota. Sasa hivi ana mkungu, na binti yako anakaa chini yake kila jioni akimpa habari, na wewe uko hapa unalinda magunia ya watu."

Sikuwahi kumwambia hayo, niliona aibu. Alikuwa amejua kuna kaburi tu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Anamwambia nini?"

Nikamweleza. Jino limeng'oka na limetupwa juu ya paa, kama ilivyo ada, ili jipya lije. Mwalimu Jerono anahamishwa na darasa zima limelia. Kuku mweusi ametaga ndani ya mfuko wa shule, na yai likaenda hadi darasani likiwa zima. Mukhisa hakucheka. Aliniomba nirudie hiyo ya kuku.

Tangu siku hiyo, kabla hata sijaketi, alikuwa ananiuliza, "Ameniambia nini wiki hii?" Hakusema ameuambia nini mgomba. Alisema ameniambia. Nami mama mzima nikawa ninajibanza nyuma ya mlango wa jikoni kila jioni, nimetega sikio nisikose neno la kupeleka Kitale. Mara moja niliongeza langu. Nikasema Emmy amemwambia pia kwamba mama yake anamtamani.

"Amesema hivyo?"

"Mtoto haongopi," nikajibu, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akanitazama kwa muda mrefu, kama anayesoma jina kwenye lango.

Mkungu ulipokomaa, akapiga simu kwamba anakuja Ijumaa.

Walimtobolea ua nyuma ya nyumba ili asipite langoni. Mzee alikuwa ameshika kuku mweupe, na Jotham alikuja na jembe lile lile, kichwa kimeinama. Mukhisa akaingia, mwembamba ndani ya suruali yake, panga mkononi. Tulipanga mambo yaishe kabla ya watoto kutoka shule. Lakini siku hiyo walimu walikuwa na mkutano wao, wakawaachilia watoto mapema. Emmy akafika na mfuko mgongoni, akamkuta mtu asiyemjua amemwinulia baba yake panga.

Hakupiga kelele. Alipita katikati ya wazee, akaegemeza mgongo wake kwenye mgomba na kuushika kwa mikono yote miwili nyuma yake.

"Usikate baba yangu," akasema.

Nilipiga hatua, Mzee akanizuia kwa fimbo yake. Mukhisa akaweka panga chini. Kisha yeye, ambaye hakuwa akimpa mtu yeyote mgongo, akachutama mbele ya mtoto na kutupa mgongo sisi sote.

"Lile jino ulilotupa juu ya paa," akasema, "jipya limetoka?"

Emmy akafumba mdomo kwanza. Halafu akaufungua kidogo, akamwonyesha.

"Na yule kuku mweusi bado anataga kwa mfuko wako?"

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Uliniambia hapa."

Emmy akamtazama, akatazama majani juu, akamtazama tena. Nilimjua binti yangu, alikuwa anapima kama amedanganywa, na amedanganywa na nani. "Sasa mbona ulikuwa hunijibu?" akauliza.

Mukhisa akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Mwanamume wa kwetu aliyesimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho hatarajiwi kulia mbele ya baba yake na bakoki wake, na yeye alilia mbele yao wote wawili. Jotham akageuka akatazama mahindi.

"Niliogopa," Mukhisa akasema mwishowe. "Niliogopa utapenda huu kuliko mimi."

Emmy akafikiri. "Huu hauongei," akasema, na akasogea kando.

Mgomba ukaanguka kwa pigo moja. Kisiki kilisumbua, Jotham akasaidia kulegeza udongo, lakini kuvuta alivuta Mukhisa peke yake. Jaketi lilitoka vipande vipande, kifungo kimoja kimekumbatiwa na mzizi. Kuku akachinjwa, Mzee akasema maneno yake, na mume wangu akatolewa nje kwa tundu la ua ili aingie tena kwa lango, kama mgeni wa heshima. Mlangoni mwetu akasita. Nikamshika mkono, mbele ya baba mkwe na bila haya, nikamwingiza.

Sitakudanganya kwamba amepona. Bado viatu vyake vinaelekea mlangoni, na kuna siku anakula amesimama, nami nasimama naye tukala hivyo hivyo. Bado namtamani yule aliyeondoka, na nadhani yeye pia anamtamani.

Lakini Jumatatu Emmy alitoka na mfuko wake, na miguu kwa mazoea ikampeleka hadi kwenye udongo mpya. Hapakuwa na jani. Akasimama hapo.

"Baba, nimeenda," akasema.

Nilikuwa nasugua sufuria. Nikauacha mkono ndani ya maji. Kutoka ndani ya nyumba, sauti nzito ya mtu ambaye bado hajanywa chai ikajibu, "Enda, mama. Ukirudi uniambie."