Mtakatifu Aliyetungwa Hamzijl

Uongo mwingi umesemwa kijijini Hamzijl, lakini ni wa Hilje Bolhuis peke yake uliochapishwa katika jarida la kanisa. Akiwa likizoni kutoka shule ya bweni, aliandika kwa unyenyekevu mkubwa kwamba kijiji kilirithi jina la Mtakatifu Zijla, bikira aliyekausha bahari kwa maombi. Mchungaji, ambaye dhehebu lake halina habari na watakatifu, alisifu mwandiko.

Likizo iliyofuata, Hilje alimkuta shangazi yake Swaantje akijiandaa kujenga nyumba ya uzeeni katika shamba lake la Zijlkamp. Nguzo za msingi zingepigwa ardhini Jumatatu, nazo zilikuwa fupi, za kufaa udongo mgumu tu.

"Shangazi, usijenge pale. Chini kuna mkondo wa zamani uliojaa tope. Nyumba itazama."

"Nani kasema?"

"Jina la shamba. Zijl ni lango la kutolea maji kwenye tuta la kuzuia bahari. Palipo na jina, palikuwa na lango na mkondo wake."

"Jina ni la mtakatifu. Nimesoma jaridani."

Hilje aliitazama biskuti yake. Ilikuwa moja, nyumba ile haikuwa na desturi ya kutoa ya pili.

"Huyo nilimtunga mimi."

Shangazi alikoroga kahawa. "Na miujiza?"

"Yote."

"Hata wa ng'ombe aliyeogelea mpaka kisiwani?"

"Huo nilijivunia."

"Mshenzi wewe. Nimewasimulia wanakwaya wote." Akaweka kijiko chini. "Sasa nimwamini Hilje yupi, wa jarida au wa leo? Chukua sepetu. Usiponionyesha lango kufikia Jumapili, nguzo zinapigwa, nawe utaungama mbele ya kanisa zima."

Alichimba siku mbili. Shimo lilijaa maji kila mara, akayateka kwa ndoo. Alipochoma ufito wa chuma, ulizama kwenye tope kama kisu kwenye siagi. Jumamosi alasiri uligonga kitu kigumu: boriti ya mwaloni ya lango la kale, nyeusi, pana kama mlango wa ghala.

Shangazi alishuka na viatu vyake vya mbao, akaigonga mara tatu, kisha akampigia fundi simu: nyumba isogezwe hatua arobaini.

"Basi siungami tena," Hilje alisema, akijifuta tope.

"Nilisema usipolipata utaungama. Ukilipata sikusema kitu. Kesho saa nne, na uvae gauni."