Mashine Arobaini

Maabara nzima walimwita Bi Kelele, na wala si kwa sababu ya mdomo, maana sauti yake yenyewe ungeitafuta kwa tochi. Alichunguza kelele ya umeme: jinsi elektroni zinavyochomoka moja moja kupita kwenye waya mwembamba mno, hata mkondo ukatetemeka badala ya kutulia. Waya hakuwa nao. Alikuwa na programu tu, iliyobahatisha kwa kila elektroni: imepita, haijapita. Miaka minne hiyo, jamani! Mwishowe akaona kelele ikipungua kidogo mahali ambapo nadharia ilisema isipungue. Kidogo hicho ndicho kilichobeba tasnifu yake yote, ya kukabidhiwa Ijumaa.

Jumanne asubuhi, akitafuta mchoro wa kiambatisho, alifungua kwa pamoja majibu ya mashine ya saba na ya kumi na tisa, kati ya kompyuta arobaini zilizoendesha programu yake. Yalifanana. Akafungua ya thelathini. Yale yale, mpaka tarakimu ya mwisho.

"Mungu wangu, nimekwisha," akasema.

Mwaka wa kwanza alikuwa ameifunga namba ya kuanzia, ili programu irudie bahati ile ile naye anase makosa. Kila mtu hufanya hivyo, kisha huifungua ili kila mashine ibahatishe kivyake. Yeye alisahau! Mashine zote arobaini zilikuwa zimefanya hesabu moja, kama wanafunzi walionakiliana mtihani, naye akazijumlisha akidhani ana mashahidi arobaini. Alikuwa na mmoja. Na kwa shahidi mmoja, kupungua kule kungeweza kuwa bahati tupu.

Profesa wake alisoma ukurasa wa majibu yale mara mbili, akavua miwani.

"Tukirudia?" Bi Kelele akamuuliza.

"Kwa mashine zipi, binti yangu? Tuliazimwa miezi minane, zimesharudishwa. Na ufadhili wako unaisha mwezi huu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hatuna tasnifu."

Hakumfokea. Heri angemfokea, walau angepata wa kumkasirikia.

Alipofika koridoni, simu ikaita. Mama yake.

"Dokta wangu!"

"Mama, nimekosea kwenye kazi. Kosa kubwa."

"Si urekebishe tu? Bado siku tatu nzima. Wewe umewahi kushindwa na nini?"

Alitafuta pa kuanzia kueleza, akapakosa.

"Ndiyo, mama," akasema.

Akamsikia mama akiwageukia shangazi zake, sauti imejaa furaha: "Kasema anamalizia. Kateni tiketi za kwenda mahafali yake."