Taa za Kutazamwa Chali

Walimwita Mama Taa hata kabla hajapata mtoto, maana taa ndizo zilizokuwa wanawe. Hospitali ilipojenga ukumbi mpya wa mapokezi, wenye dari la juu mpaka shingo inauma, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kubuni sanamu ya mwanga ya kuning'inia katikati. Akabuni ndege mkubwa wa vioo, mabawa wazi. Kamati ilipouona mchoro ikapiga makofi. Mumewe, fundi wa kuchomelea, akaunda kiunzi, na ndege akapandishwa kwa majaribio.

Siku hiyohiyo Mama Taa akateleza kwenye ngazi, mguu ukavunjika.

"Angalau umechagua pa kuangukia," mumewe akamtania, huku jasho la hofu likimtiririka.

Wakamlaza chali kwenye machela ya magurudumu, wakampitisha ukumbini. Akafumbua macho, akamwona ndege wake kwa chini. Hakuwa ndege. Zilikuwa nyaya, nati na vyuma vilivyopishana, kama tumbo la gari bovu gereji.

"Simamisheni!" akasema.

"Dada, mguu wako..." muuguzi akaanza.

"Mguu hauendi popote. Simamisheni kwanza."

Akatazama kwa uchungu uliozidi ule wa mfupa. Wagonjwa mahututi wote wangepita hapa wamelala, na yeye alikuwa amewabunia wazima wanaosimama mlangoni.

Aliporudi nyumbani na plasta yake, akaanza upya. Alitandika mkeka sebuleni, akamwomba mumewe afunge vipande vya vioo darini kwa uzi, kisha akalala chini yake akivisogeza kwa mpini wa ufagio. Mama mkwe akawa anamruka kila akienda jikoni.

"Mkwe wangu, kilichovunjika ni mguu au akili?"

"Njoo ulale hapa, mama, uone mwenyewe."

Mama mkwe akajilaza huku akiguna. Chai ilichemka, ikafurika, ikazima jiko, hakuinuka.

Kamati haikuwa laini hivyo. "Ndege tulishampitisha," mwenyekiti akasema, akirekebisha tai yake. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Sawa, mzee wangu. Nakuomba kitu kimoja tu. Panda machela."

Wajumbe wakaangua kicheko. Mwenyekiti, kwa kuogopa kuonekana mwoga, akapanda na suti yake, viatu vikichungulia mwishoni. Mama Taa akaongoza kwa magongo, mumewe akisukuma. Walipofika chini ya ndege wakasimama.

"Unaona nini?"

"Naona... skrubu."

"Na ungekuwa na maumivu, mzee?"

Mwenyekiti akashuka, akajifuta vumbi ambalo halikuwepo. "Mteremsheni huyo ndege," akasema.

Kiunzi kikafumuliwa, vioo vikakatwa upya. Safari hii zikapanda duara nyembamba, moja ndani ya nyingine, kama maji ya bwawa yaliyotupiwa kijiwe. Mwanga ungetoka katikati, ukapanuka polepole mpaka ukingoni, kisha ukarudi, kwa mwendo wa pumzi ya mtu aliyelala salama. Mwendo huo Mama Taa aliupima kwa kumsikiliza mumewe usingizini, ukiondoa mikoromo.

Siku ya kuwasha, ukumbi ulifurika. Mama Taa alikataa kiti cha mbele. Akajilaza sakafuni na gauni lake jipya, na mama mkwe akajilaza kando yake bila kuulizwa. Swichi ikabonyezwa. Duara ya kwanza ikang'aa, ya pili ikaipokea, mwanga ukatanda darini kote, laini, usioumiza jicho. Mama Taa alisikia watu wakishusha pumzi kwa pamoja, kisha mama mkwe akapiga kigelegele kilichotetemesha vioo vya madirisha, na ukumbi mzima ukamwitikia. Mumewe alilia waziwazi, akidai ni moshi wa kuchomelea.

Wiki iliyofuata hospitali ilipata tatizo jipya: foleni ya machela katikati ya ukumbi. Kila mgonjwa aliyesukumwa kupita pale alikuwa akimwambia mhudumu:

"Nirudishe nyuma kidogo, ndugu yangu. Bado sijashiba."