Trela la Kwenda Shambani kwa Umi

Matondoni walicheka mpaka mbavu zikawauma. Mselem, fundi wa kuunda vyombo vya baharini, kakaa uani kwake anaunda nyumba ya magurudumu mawili, na kijiji kizima hakina gari hata moja!

"Utamfunga punda nini, Bwana Mselem?"

"Nitakufunga wewe," akajibu, nyundo mkononi.

Umi, mkewe, alizaliwa shambani nje ya Kiunga, kule bara. Siku wakubwa walipowaondoa watu kwa ajili ya usalama, shamba likabaki pweke, njia ikafungwa. Tangu hapo ombi lake lilikuwa moja tu: nipeleke kwa gari, nione mashamba, nilale kwetu usiku mmoja. Mselem akimwambia ngoja wafungue. Wakafungua, naye Umi yuko kaburini mwaka wa pili.

"Wakubwa wenyewe hawangoji," Mselem alikuwa akisema barazani. "Hupita na ving'ora vyao. Mimi nimemngojesha mtu wangu amri ya serikali mpaka kafa."

Trela likavushwa kwa mashua hadi Mokowe. Rumaisa, binti wa dadake Umi, alikuwa akimngoja na Landkruza ya mumewe, wakalifunga nyuma, wakashika njia ya vumbi. Jua lilipokaza, harufu ikaanza. Mselem alizipaka mbao zote mafuta ya papa, ndani na nje, kama alivyopaka kila chombo tangu ujana wake. Baharini upepo huichukua harufu. Humu ndani imefungiwa, inachemka.

"Ami," Rumaisa akasema, mtandio puani, "leo fisi watatufuata mpaka Somalia."

Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya Kiunga, askari mmoja wa kike, Keziah, akafungua mlango wa trela. Akaufunga upesi kuliko alivyoufungua.

"Mzee, umebeba maiti?"

"Mafuta ya papa hayo. Mbao hazitaoza."

"Mbao hazitaoza, ataoza mwenye kulala humo!" Wenzake wakaangua kicheko. Kisha akawa mkali. "Kupita mtapita. Lakini msituni hakulaliwi usiku, ni amri. Jua likianza kushuka mnarudi, na mimi naenda nanyi."

Mselem akarudi garini. Hata juu ya maiti wa mtu hawa wana amri, akasema moyoni.

Shamba lilikuwa limemezwa na kichaka. Alilitambua kwa kisima chenye ukingo wa mawe na mikorosho miwili iliyoegemeana, vile vile alivyohadithiwa na Umi kila walipozima taa. Akasimama kando ya kisima. Angekuwapo Umi, angeshavua viatu. Angekuwa anamwonesha kwa kidole: pale jiko, pale mtama, pale nilipoangukia nikavunjika jino.

"Afande," akasema, "amri yenu inakataza kulala usiku?"

"Usiku, ndiyo."

"Na mchana?"

Keziah akajikuna shingo. "Mchana... sijaambiwa kitu."

"Basi mimi nalala."

Rumaisa akamtandikia mkeka mbali na harufu ya trela, kivulini mwa mikorosho. Mselem akajilaza kwa ubavu wa kulia, akajisogeza ukingoni kabisa, nusu ya mkeka ikabaki wazi. Majani makavu yalinukia vumbi na korosho zilizoiva. Akafumba macho. Usingizi haukuja.

Vivuli vikarefuka. Akasikia buti za Keziah zikikaribia, zikasimama karibu na kichwa chake.

"Mzee. Muda umefika."

Mselem hakufumbua jicho. Akaiachia pumzi itoke taratibu, nzito, akakoroma kidogo.

"Amelala?" Keziah akauliza kwa sauti ya chini.

Rumaisa alikuwa ameziona kope za ami yake zikitetema, na chozi limefika sikioni. "Amelala," akasema.

Buti zikasita.

"Haya. Mwache kidogo."

Mselem akaendelea kukoroma.