Harusi ya Shangazi Bila Nyimbo

Mara ya kwanza deki iliikataa ile CD, ikaitoa nje kama mtoto anayetema dawa, na Shangazi akapata la kusema.

"Si nilikwambia? Imekufa hiyo. Kitu cha miaka hiyo, kimelala kabatini na dawa za mende, leo unataka kiimbe?"

Tarumbeta hakumjibu, na kutojibu, kwake yeye, ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba marobota. Alikuwa mnadi wa nguo za mitumba, mwanamke wa kusimama juu ya meza tangu asubuhi akizipigia debe sketi na mashati, na koo ndilo lililokuwa mtaji wake. Sokoni walimwita Tarumbeta kwa heshima. Nyumbani Shangazi alilitamka jina hilohilo huku amekunja pua, kisha akaongeza maneno yake ya kila siku: "Mama yako hakuwa hivi. Yule alikuwa mpole, hata akipita hujui kama kuna mtu."

Mama alifariki Tarumbeta akiwa bado anajifunza kutembea. Picha zake zilikuwa mbili, na zote kafumba mdomo. Sauti yake haikuwepo popote. Baba naye, ukimwuliza, husema "alikuwa mtu mzuri," halafu anaanza kutafuta miwani. Kwa hiyo walipolisogeza kabati la Shangazi ili wazibe tundu la panya, ikaanguka CD ya video iliyoandikwa kwa kalamu "Harusi, Ukumbini," Tarumbeta aliiokota kabla Shangazi hajaigusa. Siku ya harusi ya Shangazi, Mama alikuwa hai. Kama alisema hata "karibuni" mbele ya kamera, basi neno hilo lilikuwa humo ndani.

"Si ulisema ilipotea, Shangazi?"

"Ilipotea."

"Kabatini kwako?"

"Umri huu mtu husahau."

Tarumbeta aliiosha kwa maji na sabuni ya vyombo, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, maana ukifuta kwa kuzungusha unaongeza mikwaruzo. Deki ikaikataa tena. Akafungua mfuniko kwa bisibisi, akaligusa lile jicho dogo la kusomea kwa pamba yenye spiriti, akapuliza vumbi lililotosha kuoteshea mchicha. Safari hii CD ilizunguka, ikakoroma, na kwenye TV pakatokea maua yaliyoganda. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani imekwama. Yeye alibonyeza namba moja kwenye rimoti, na maua yakapisha harusi.

"Mungu wangu," alisema Shangazi, akajitupa kitini.

Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa karatasi za rangi. Shangazi alikuwa kijana, mwembamba, shela limemfika begani, leso mkononi. Na juu ya yote hayo palikuwa na wimbo, magitaa mwanzo mwisho, yamefunika kila kitu. Watu walifungua vinywa, walicheka, walipeana hongera, na husikii lolote. Chini ya magitaa kulikuwa na mvumo tu, kama wa watu wanaozungumza nyumba ya pili.

Kisha Mama akatokea, amevaa gauni la kijani, na mtoto amembeba mgongoni.

"Huyo mtoto ni wewe," alisema Baba kutoka kwenye kiti chake cha pembeni.

Wageni wote walikuwa wamekaa, Mama peke yake amesimama. Mkono ulikuwa juu na mdomo wazi. Alikuwa anasema jambo refu, na magitaa hayakujali.

"Anasema nini, Baba?"

Baba alianza kutafuta miwani yake, nayo alikuwa ameivaa.

"Alikuwa anatoa hongera," Shangazi alidakia. "Haya, umemwona. Zima, umeme unapotea bure."

Tarumbeta angeweza kulia. Badala yake alipandwa na hasira, akaenda nyuma ya TV kukaza nyaya, labda sauti ingekuwa safi zaidi. Zilikuwa tatu: wa njano wa picha, mwekundu na mweupe za sauti. Mweupe ulikuwa umelegea. Aliuchomoa ili auchomeke upya, na wimbo wote ukakatika.

Mwanamke akapiga kelele ndani ya sebule.

"Si machozi ya furaha hayo!"

Tarumbeta aliruka, akajigonga kichwa ukutani. Kwa kitambo alidhani ni yeye mwenyewe aliyesema. Sauti ilikuwa yake kabisa, pana, ya kutoka kifuani, yenye ule mkwaruzo mwishoni, sauti ya kuuzia mashati mpaka upande wa pili wa soko. Vinyweleo vilimsimama. Akachungulia mbele ya TV, waya bado uko mkononi.

"Mshereheshaji, acha utani wako!" Mama aliendelea. "Wifi yangu analia tangu asubuhi, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Mnapitisha sinia tu! Basi mimi namwuliza. Wifi, unamtaka huyu bwana au humtaka? Sema! Ukisema humtaka tunaondoka wote sasa hivi. Gari nimeshalizuia mlangoni!"

Kamera ikamgeukia bibi harusi, na kipaza sauti kikasogezwa mdomoni pake.

"Namtaka," alisema Shangazi yule wa kwenye TV, kwa sauti ya kuazima. Akatupa jicho kwenye meza ya wakwe, kisha akaongeza kwa nguvu, "Huyu ana wivu tu. Mtoeni nje."

Watu waliangua kicheko. Mkono wa mwanamume ukamshika Mama kiunoni, ukamvuta chini mpaka akakaa. Mwenye mkono alikuwa Baba.

Tarumbeta alisimamisha picha. Habari za ndoa ile alizijua, nani asiyezijua nyumbani humo? Kabla ya mwaka wa tatu Shangazi alirudi kwa kaka yake na begi moja, na sikio la kushoto, kwa kofi la mumewe, halisikii mpaka leo. Wakati huo Mama alikuwa ameshazikwa.

"Mpiga picha alikuwa na mtindo wake," Baba alisema polepole. "Nyimbo kwenye waya mmoja, sauti za watu kwenye waya wa pili, mteja achague. Dada akasema anataka nyimbo tu, zipandishwe mpaka juu zifunike maneno. Tukaona yameisha."

"Na mkanilea na uongo! Mpole, mpole, hata akipita hujui! Baba, mimi nimejionea aibu koo langu maisha yangu yote!"

"Mimi ndiye niliyemkalisha," alisema Baba. "Kila ukipaza sauti, naona mkono wangu."

Tarumbeta alimgeukia Shangazi. Alikuwa na maneno ya kumtosha, na pumzi ameshaivuta. Lakini Shangazi hakuwa pale alipokuwa. Alikuwa amekivuta kiti mpaka mbele ya TV, ameligeuza sikio lake zima, la kulia, likaribie kabisa.

"Rudisha," alisema.

"Nini?"

"Rudisha pale anaponiuliza."

Pumzi ikamtoka Tarumbeta. Akarudisha. Mama akasimama tena na gauni lake la kijani, akainua mkono, akanguruma, akauliza. Shangazi hakumsubiri bibi harusi.

"Simtaki, wifi," aliiambia TV, machozi yakimfika kidevuni. "Simtaki. Zuia hilo gari, nakuja."